Mwaka Niliojifunza Kusukuma

Shabani Athumani alifariki Jumatano alfajiri, na kabla ya saa mbili asubuhi mwanawe mkubwa alikuwa ameshanipigia simu. "Shikamoo mama. Baba ametutoka." Nikasema nilichopaswa kusema. Kisha akanieleza, kwa sauti ya mtu mwenye mambo mengi ya kupanga, kwamba maziko ni Mkolani baada ya adhuhuri, na kwamba baba yake aliacha neno mbao za kaburi zitoke kwangu. Nilifungua karakana yangu hapa Kiseke, nikawaambia mafundi wawili ninaofanya nao kazi waendelee na kabati lao, nikakata mwenyewe zile mbao ambazo Waislamu huzipanga juu ya mwanandani kabla ya kurudisha udongo. Mbao za kaburi hazihitaji randa. Nilizipiga randa hata hivyo, pande zote mbili. Huko Mkolani wanaume walizipokea, wakaondoka nazo pamoja na maiti, nami nikabaki ndani na kina mama, juu ya mkeka, mgongo ukutani. Ndugu wa upande wa Geita walikuwa wamewahi kufika, wakisifu daraja la Busisi kwamba siku hizi mtu hakosi tena maziko kwa kusubiri kivuko. Mmoja wao, binti aliyeolewa kwenye ukoo juzi juzi, akauliza kwa sauti ya chini, "Hivi vile vidole viwili vilimkatikia wapi?" Akajibiwa, "Kwenye mashine ya mbao, ujanani." "Kumbe alikuwa fundi?" "Ee, alikuwa fundi." Sikusahihisha. Shabani alikuwa fundi kwa siku kumi na moja, na mimi ni mmoja wa waliomfanya awe.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilifanya kazi ya kuchuna minofu ya sangara kwenye kiwanda kimoja cha samaki, zamu ya asubuhi, na nilipanga chumba cha uani kwa Mama Shabani, mjane wa Mzee Athumani seremala. Mkolani wakati huo ilikuwa mashamba ya mahindi na mawe makubwa, na nyumba zilijengwa pale ambapo mawe yaliruhusu. Dirisha langu lilitazama jiwe moja kubwa la kijivu, karibu sana, kiasi kwamba nilijua mvua imeanza kwa kuliona likibadilika rangi. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na stoo ya zana za marehemu. Ukuta haukufika juu, kwa hiyo harufu ya mafuta na maranda ya mninga ilipita hadi kitandani kwangu. Baada ya saa nane za harufu ya samaki, ile ilikuwa kama kunawa. Mchana nilipika na mama mwenye nyumba. Mimi nilileta mapanki, mifupa inayobaki baada ya minofu, kutoka kiwandani, yeye akayakaanga yakakauka kabisa, tukala na ugali wa muhogo, naye akizungumza juu ya mumewe kana kwamba ametoka kidogo tu. "Marehemu hakupenda samaki wenye mchuzi," aliniambia. "Alisema mchuzi unafanya mkono uteleze kwenye randa."

Shabani alikuwa na miaka ishirini na minne, mrefu, kifua kama cha mbeba magunia, na zana za baba yake hakuzigusa. Yeye alikuwa mtu wa kunyanyua vyuma. Alikuwa na bomba la maji ambalo kila ncha alikuwa ameichomeka kwenye tundu la kopo la zege, na makopo ya akiba ya ukubwa mbalimbali: ya mafuta ya kupikia, ya rangi, na ndoo mbili zilizokatwa katikati. Kila zege jipya lilipokauka alilipeleka kwenye mizani ya dukani, akaliandika uzito kwa chokaa. Ili kulala chini ya bomba alipanga makreti mawili ya soda na kuweka ubao juu yake. Siku moja mwezi Machi ubao ulivunjika wakati bomba likiwa limefika kifuani. Nilikuwa nafua. Niliona miguu yake imeinuka juu ghafla, kisha nikasikia akicheka, na baadaye akikohoa, na alipofunua shati kulikuwa na mstari mwekundu kutoka bega hadi bega. Mama yake alitoka jikoni, akamtazama, akatazama ubao.

"Mtoto wa seremala," akasema, "unalalia makreti."

"Nitanunua benchi la chuma, mama."

"Hutanunua. Mule ndani kuna msumeno, kuna patasi, kuna randa tatu. Tengeneza."

Nikasema mimi, bila kupanga, kwamba naweza kujaribu. Kwetu nilikuwa nimewashikia taa na misumari watu waliounda mitumbwi, nikajua angalau jina la kila kitu. Mama Shabani akauokota ubao uliovunjika. "Basi kwanza meza ya kazi," akasema. "Huwezi kutengeneza benchi la kulalia chini kwenye vumbi. Marehemu alikuwa na meza, mwenye fremu ya duka aliyokuwa amepanga kule mjini akaikata kuni siku tulipokuwa matangani. Tengenezeni meza, halafu benchi litatoka juu yake."

Mbao tulizipata ufukweni, kutoka kwenye mtumbwi uliooza upande mmoja ambao mwenyewe alitaka uondolewe njiani. Zilikuwa za mvule, nyeusi kwa lami na maji ya ziwa, na ndani yake kulikuwa na misumari ambayo vichwa vyake vilikuwa vimeliwa na kutu. Nilitumia wiki mbili kuing'oa. Mmoja niliukosa, na siku ya kwanza kupiga randa niliusikia kabla ya kuuona. Nilimpelekea Mama Shabani ule ulimi wa randa wenye pengo. Aliupokea, akaugeuza, akaenda nao ndani. Kesho yake niliukuta juu ya ndoo yangu ya maji, umenolewa vizuri, pengo limekwisha. Sikujua kuwa anajua kunoa. Miaka ishirini na saba alikuwa amekaa karibu na mtu anayefanya kazi, na hakuna aliyewahi kumuuliza ameona nini. Kuanzia hapo alivuta kigoda akakaa uani kila nilipofanya kazi, akichambua mchele au michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na maelekezo yake yalikuwa mafupi. Tundu litangulie, ulimi ufuate. Pima mara mbili kwa kitu kilekile, usipime kwa kamba leo na kwa fimbo kesho. Kwa kuwa hatukuwa bado na meza ya kufungia jiliwa, kile chuma cha kubania mbao, Shabani ndiye alikuwa jiliwa. Alikaa juu ya ubao na uzito wake wote, akila karanga, mimi nikikata mbele ya magoti yake.

Shida yangu ilikuwa randa. Mvule mkavu haumbembelezi mtu. Nilisukuma, randa ikaenda shubiri mbili ikasimama, nikavuta, nikasukuma tena, na jioni vidole havikuweza hata kushika kikombe. Mama Shabani alitazama siku tatu, kisha akasema, "Unasukuma kwa vidole, Stazia. Marehemu alisukuma kwa kifua." Shabani akatema ganda la karanga. "Kifua hana," akasema. "Lakini kinatengenezwa." Kesho yake akanilaza juu ya ubao mpya aliouweka kwenye makreti, akaninyooshea bomba tupu lisilo na kopo hata moja, na nikaligusisha kifuani mara tano. Mara ya sita liligoma katikati. Alilishika kwa vidole viwili tu akalirudisha, bila kucheka, nami niliona kwamba katika jambo hili hakuwa mtu wa mzaha. Alinifundisha kubana mabega nyuma kama ninayeshika karatasi kwa mgongo, kukanyaga ardhi kwa visigino, kushusha taratibu, kuvuta pumzi kabla na si wakati. Siku tatu kwa wiki, mara tano tano, raundi tano, kisha kupumzika. Alikuwa na daftari, na humo, chini ya jina lake, akaandika langu. Kila wiki aliongeza kidogo sana: kifuko cha mchanga kila upande, kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli. Nilipolalamika kwamba kidogo hicho hakina maana, alisema, "Ukiongeza kingi utanitaka nikusaidie. Sitaki kukusaidia."

Meza ilisimama mwezi Mei. Ilikuwa nzito kiasi kwamba watu wanne waliibeba kwa kusimama mara tatu, urefu wake hadi kiunoni kwangu, na jiliwa la marehemu tulilifunga pembeni kwa misumari ya nati. Ukisukuma randa juu yake haikusogea hata kidogo. Benchi la kulalia lilitoka Juni, fupi, lenye miguu minne iliyotanuka, na Shabani akachimbia miti miwili yenye panda ya kuwekea bomba. Yote mawili yalikaa uani upande kwa upande. Niliporudi kutoka kiwandani nilinawa, nikala, nikapiga randa hadi jua lilipopungua, kisha nikalala chini ya bomba. Tulipoteka maji bombani mtaani, kina mama walisema huku nikisikia. "Yule binti wa Mara ananyanyua vyuma na mwanaume." "Kifua kitakuwa kigumu, mtoto atanyonya nini?" Mmoja, jirani yetu Mama Kulwa, aliniuliza waziwazi kama Shabani amenichumbia. Nikasema hapana, na ilikuwa kweli. Watu huwa hawaniamini hata leo ninaposema kwamba kati yetu hakukuwa na kitu kile. Kulikuwa na daftari.

Mwezi Agosti alikuja mzee Ramadhani, mdogo wake marehemu, aliyekuwa na karakana kubwa yenye mashine kule mjini. Nilikuwa chumbani, na kwa kuwa ukuta haukufika juu, nilisikia yote. "Shemeji," alisema, "zana za kaka yangu zinaota kutu. Shabani hazitaki. Nizichukue zifanye kazi." Mama Shabani akasema hazioti kutu, zinatumika. "Anazitumia nani?" Nikasikia Mama Shabani akijibu, "Zinatumika hapa nyumbani." Mzee akafikiri, akasema jambo ambalo pengine aliona ni la haki. Chumba cha madrasa hakikuwa na mlango. Shabani atengeneze mlango wa mninga, wenye fremu na paneli, apachike na komeo. Yeye atarudi mvua zikianza. Akikuta mlango, zana zinabaki kwa mtoto wa marehemu. Asipoukuta, anazichukua.

Alipoondoka Shabani alikuja akasimama mlangoni kwangu. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Wewe utengeneze. Mimi nitasema ni wangu. Zana zinabaki, wewe unaendelea, mimi naendelea na vyuma. Nani anaumia?"

Nilitafuta mtu anayeumia, sikumpata. Mimi nilikuwa mpangaji, mwanamke, Mkristo, si ndugu wa mtu yeyote pale. Zana zile zikienda mjini, ningebaki na sangara. Nikakubali kwa urahisi ambao sasa unanishangaza kidogo. Mlango ule niliufanya kwa wiki tisa. Mama Shabani alikaa kwenye kigoda chake kama kawaida, akanielekeza namna ya kuacha nafasi ndogo kwenye paneli ili mbao ipumue bila kupasuka, na hakuuliza hata siku moja kwa nini mwanawe haonekani na patasi mkononi. Kifua nacho kilikuwa kimekuja. Randa sasa ilitoka mwanzo wa ubao hadi mwisho bila kusimama, na maranda yalijikunja marefu, yakaanguka miguuni. Siku niliyopaka mlango mafuta ya mwisho ndiyo siku niliyosukuma kilo arobaini mara tano. Shabani aliandika, akapigia mstari.

Mzee Ramadhani alirudi mwezi Oktoba, ardhi ikiwa imelowa. Tulikwenda wote madrasa. Aliufungua mlango, akaufunga, akapitisha kiganja kwenye paneli, akainama kutazama bawaba. Alikaa muda mrefu mbele ya komeo. Kisha akageuka. "Huu mlango umetengenezwa na nani?"

Shabani alikuwa kulia kwangu. Nilisikia anavuta pumzi, kama alivyonifundisha, kabla. "Mimi, baba mdogo."

Mzee akanitazama mimi, si yeye. Mimi nikatazama mlango. Mama Shabani akarekebisha kanga yake. Hivyo tulisimama, watu wanne, na ingetosha mmoja kusema neno moja. "Vizuri," akasema mzee. "Zana ni zako. Ila fundi wa namna hii hawezi kuozea Mkolani. Jumatatu njoo karakana, uje nazo." Jumatatu Shabani aliondoka na sanduku la zana begani, na stoo ikabaki na harufu tu.

Siku hizo kumi na moja alirudi jioni, alikula, alilala. Nilimuuliza mara moja kazi ikoje. Alisema mbao anazibeba vizuri. Siku ya kumi na moja fundi wa mashine hakufika, na mteja alikuwa akisubiri, na mtu aliyetengeneza mlango wa mninga hakuweza kusema kwamba hajui kupasua ubao. Alikata kidole cha shahada na cha kati, mkono wa kushoto. Nilizijua habari nilipotoka zamu, nikiwa bado na mabuti ya kiwandani. Mama Kulwa ndiye aliyenipokea njiani. "Mwenzio amekatika," alisema, na kwa dakika nzima sikujua amekatika wapi.

Nilimkuta wodini ameketi, mkono umeinuliwa kwa kitambaa. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Nikasema tu, "Ningesema pale madrasa."

"Ningesema mimi," akajibu. "Mdomo ulikuwa wangu." Akaomba maji, nikamshikia kikombe.

Jumapili yake mzee Ramadhani alikuja Mkolani mwenyewe na sanduku la zana, akaliweka juu ya meza ya uani. Nikamwamkia, akaitikia. Nikamwambia, kwa sauti ambayo ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka, kwamba mlango wa madrasa niliutengeneza mimi, kuanzia fremu hadi komeo. Hakushtuka. "Najua," akasema. "Lile komeo liko chini. Shabani angeliweka usawa wa mkono wake. Limewekwa na mtu wa urefu wako." Nikamuuliza, basi kwa nini alimchukua? Alikaa kwenye benchi la kulalia, akaona ni fupi, akanyoosha miguu. "Nilitaka aone aibu kidogo. Nilijua wiki ya pili atakuja kuniambia, baba mdogo, sijui kazi hii. Nami ningemfundisha. Nilikuwa namsubiri." Akapangusa benchi kwa kiganja. "Nilikuwa namsubiri aseme." Mama Shabani alikuwa mlangoni na birika la chai. Hakulia. Alisema, "Kwa hiyo wote tulijua," akamimina chai, vikombe vitatu, na tukainywa.

Nimekuwa na karibu miaka thelathini ya kulifikiria jambo hilo, na sina somo lililonyooka la kumpa mtu. Hatukuwa watu wabaya. Kila mmoja alinyamaza kwa sababu nzuri: mama kwa ajili ya mwanawe, mzee kwa ajili ya malezi, mimi kwa ajili ya randa tatu na msumeno. Sababu zetu zilikuwa nzuri, na vidole vilikuwa viwili. Mzee aliniambia kabla ya kuondoka kwamba Jumatatu niende karakana, saa moja, na nisije na buti za samaki. Nilikwenda. Nilikaa kwake miaka tisa. Mara ya kwanza mteja alipouliza fundi ni nani, mzee alinyoosha kidole kwangu kabla sijajua kama nitajibu, na hivyo ndivyo alivyofanya kila mara hadi alipokufa. Shabani alipata kazi ya kukata tiketi kule kivukoni, akaoa, akazaa wanne. Nilihudhuria harusi zao zote.

Lakini mwaka wenyewe uliishia uani, siku moja ya Desemba, saa kumi jioni. Bandeji ilikuwa imetolewa wiki hiyo. Nilikuwa nafagia maranda alipotoka ndani, akalala kwenye benchi bila kusema kitu, na kuniashiria nitoe makopo yote. Nikayatoa. Nikasimama kichwani kwake, mahali alipokuwa akisimama yeye kwangu. Mkono wa kushoto ulilishika bomba kwa kidole gumba na viwili vya mwisho, na ngozi mpya pale katikati ilikuwa ya waridi, inang'aa. Nikapeleka viganja vyangu chini ya bomba.

"Toa mikono, Stazia."

"Litakuangukia."

"Najua uzito wake. Toa."

Nikaitoa. Bomba lilishuka likiwa limeinama kushoto, likagusa kifua, likakaa hapo kwa muda ambao mimi niliuhesabu na yeye bila shaka aliuhesabu pia. Kisha likaanza kupanda, upande mmoja ukitangulia, mwingine ukifuata kwa kutetemeka, mpaka viwiko vyote viwili vikanyooka. Alilirudisha mwenyewe kwenye panda. Alibaki amelala anatazama juu, jasho likiingia masikioni.

"Andika," akasema. "Moja."